Maji Yaliyotoka Darini Changamwe

Haya, sogeeni karibu, maana leo nimeamua kulisema lote, na anayetaka kucheka aanze sasa hivi ili nikifika pale pabaya awe amekwisha kuchoka. Aibu niliyoipata mimi Mwanamisi mwaka ule wa kuelekea uhuru, pale Changamwe, mbele ya wifi yangu na mume wangu na mtaa mzima na wageni rasmi kutoka Nairobi, sijamwona mtu mwengine aliyeipata, na lililo baya zaidi ni kwamba hakuna aliyenipa. Niliitafuta mwenyewe, nikaipandia ngazi, nikaifuata mpaka ndani ya paa.

Mimi ni mtu wa Likoni, mwajua. Nilipoolewa na Bakari, ambaye alikuwa akiendesha winchi bandarini, tulikaa Likoni karibu na kwa mamangu, naye kila alfajiri akivuka na feri kwenda kazini. Halafu zikajengwa zile nyumba mpya za wafanyakazi huko Changamwe, tukabahatika kupewa moja. Nyumba ya mawe, vyumba viwili, sakafu ya saruji nyekundu, jiko lake ndani na bafu lake ndani, na bafuni humo lile bomba la mvua, la juu ya kichwa, lenye uso wa vitundu kama chujio. Siku ya kwanza nililifungua bomba la jikoni mara kumi kwa raha tu ya kulizungusha, nalo halikutoa hata tone. Kumbe maji yalikuwa yamefika barabarani, lakini kutoka barabarani hadi milangoni kwetu kulikuwa na mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi, mbuzi wakawa wanatumbukia humo. Tukaambiwa tungoje mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, tukaambiwa mwezi ujao. Basi sisi tukaendelea kuchota kwenye bomba la mtaa, lile la foleni, kule chini karibu na njia ya reli.

Sasa wifi yangu Zena. Huyu ni dadake mkubwa Bakari, aliolewa na mtu wa reli akahamia Nairobi, na mtu mbaya hakuwa, wallahi, alikuwa na maradhi yake mamoja tu, na maradhi yenyewe ni Nairobi. Mwanamke kazaliwa Mombasa, kakulia Mombasa, lakini ukimsikia akizungumza utadhani Nairobi kaijenga yeye kwa mikono yake, kila jioni akitoka sokoni anaongeza ghorofa moja. Akija likizo ni lifti, ni barabara pana zilizopandwa maua katikati, ni uwanja mpya wa ndege, ni nyumba mpya walizopewa wao watu wa reli ambazo ukigusa ukutani taa yawaka na ukigusa bomba maji yaja. Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Nikimwambia habari za gati mpya za Kipevu, nikimwambia kiwanda cha kusafisha mafuta kinachoinuka hapo hapo Changamwe, nikimwambia ndege zinazotua Port Reitz, anasikiliza vizuri hadi mwisho, halafu ananiuliza kwa upole, "Wifi, gati na meli. Mimi nakuuliza wewe, nyumbani kwako una nini?"

(Wala msidhani ni sisi wawili tu. Siku zile kila mtu alikuwa hivyo. Kwa kinyozi, msikitini baada ya swala, kwenye feri, habari ilikuwa Nairobi kunajengwa nini na Mombasa kunajengwa nini, kwa sababu serikali yetu wenyewe inakuja na kila mji unataka uonekane umevaa vizuri. Niliwahi kuwaona wanaume wawili wakikaribia kushikana mashati juu ya lifti ya mji upi inafika juu zaidi, na wote wawili hawajapanda lifti maishani mwao.)

Mambo yalianza pale Zena alipoandika barua kwamba amempatia Bakari kazi Nairobi, kazi ya karakana, na nyumba juu yake. Bakari aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaitia mfukoni, asiseme neno. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, lakini kimya cha siku ile kilinitia hofu. Mimi ni mtoto pekee wa kike kwa mamangu, na mamangu miguu ilikuwa imekwisha kumsumbua; kila Ijumaa nilikuwa navuka kwenda Likoni kumfulia, kumkanda na kumsikiliza akinilaumu kwa kuhamia mbali, yaani Changamwe. Sasa nikimwambia nahamia Nairobi ingekuwaje? Usiku mmoja mzima wa treni kati yangu na yeye.

Basi nikachukua kalamu. Hapo ndipo, jamani, hapo ndipo ningevunjika mkono. Nikamwandikia Zena kwamba tunashukuru sana, lakini hatuna haja ya kuhama, kwa kuwa hapa nyumbani kwetu maji yatiririka jikoni na bafuni, bafu letu ni la mvua, na wala sikumbuki tena debe la maji huwekwaje kichwani. Nilijiambia huu si uongo, huu ni ukweli uliotangulia kidogo, kwa sababu hadi barua ifike na ijibiwe, maji yatakuwa yamekuja. Barua ikajibiwa upesi kuliko maji. Zena alisema amefurahi mno, na kwa kuwa amepata nafasi, atakuja Jumamosi ya wiki ijayo ajionee.

Nilikwenda kukaa ukingoni mwa mtaro nikautazama. Mlikuwa na mbuzi mmoja tu, naye akinitazama mimi.

Sikuwa na hofu ya Zena kunicheka, nilishazoea. Hofu yangu ilikuwa atamwambia Bakari, unaona, mji gani huu ambao hata mkeo ili ausifu lazima adanganye. Na Bakari angekubali, kwa sababu lingekuwa kweli.

Nikaenda kwa Fundi Kasimu, fundi wa mabomba aliyekaa nyumba ya mwisho ya safu yetu, mzee wa taratibu ambaye hufikiri mbele yako mpaka unatamani kumsaidia. Akaja akatazama, akapima kwa mkono, akasema njia ipo. Pipa moja la mafuta, likisafishwa kwa majivu na maji ya moto, atalipandisha ndani ya paa, alikalishe juu ya boriti mbili katikati ya jiko na bafu, aliunge na mabomba ya nyumba, na maji yatashuka kama ya mji wowote. Sehemu ya nyuma ya paa, upande wa uani, mbao zilikuwa bado hazijapigiliwa, kwa hivyo palikuwa na mwanya wa kupitisha pipa, na baadaye debe la kulijazia.

"Lakini nisikilize, Bi Mwanamisi," akasema. "Pipa hili ni la kuogesha mtu mmoja, tena asiwe na nywele nyingi. Na ukipanda juu kutia maji, usiiegemee ile dari. Ule ni ubao laini kama biskuti."

"Nimesikia, fundi."

"Umesikia, au umesema umesikia?"

Bakari aliporudi kutoka kazini akaona mguu wa ngazi umetokeza uani, akatazama juu. Akauliza, "Hilo pipa la nini?" Nikasema la akiba. Akasema, "Haya," akaenda kuoga kwa ndoo.

Siku ya Ijumaa mimi na jirani yangu Mama Riziki, ambaye ndiye peke yake niliyempa siri pamoja na fundi, tulibeba maji kutoka bomba la mtaa madebe kumi na moja, tukapanda nayo ngazi moja moja, na shingo zetu zikaingia mabegani kama za kobe. Likajaa. Nikalala nimechoka lakini nimefurahi.

Asubuhi ya Jumamosi Bakari aliomba ruhusa ya saa mbili akampokee dadake stesheni, amlete nyumbani, kisha arudi kumaliza kazi yake. Nami nikabaki peke yangu na lile bomba. Sasa mwanadamu alivyo, nikaona nilijaribu kidogo, kidogo tu, nisije nikaaibika. Nikalifungua. Maji yakaja, na sauti yake, jamani, maji yakianguka kwenye sinki tupu yana sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiingojea kwa miezi. Sijalifunga vizuri, jirani wa upande wa pili keshafika dirishani na ndoo.

"Mwanamisi, yamekuja?"

Ningesema nini? Nikisema ni pipa, hadi Zena ateremke basi mtaa mzima utakuwa unazungumza pipa. Nikasema yamekuja, lakini ndiyo kwanza, ni kwangu tu kwanza. Akatia ndoo chini ya bomba. Nyuma yake akaja mwengine, na mwengine, wote na baraka zao, "hongera Mwanamisi, Mwenyezi Mungu aifungue na kwetu," nami nimesimama hapo natabasamu huku nahesabu kimoyomoyo shingo yangu ikimwagika ndoo baada ya ndoo. Waliondoka na ndoo nne. Nikajipa moyo kwamba bado yapo. Nilichosahau ni kwamba walioondoka na maji waliondoka na habari pia.

Wifi akafika. Nikampokea na shikamoo, akaniitikia marahaba, tukakumbatiana, Bakari akateremsha sanduku akarudi kazini. Zena hata buibui hakulivua. Akapita chumba cha kwanza, cha pili, akapitisha kidole juu ya dirisha, akafika jikoni, akalishika bomba, akalizungusha. Maji yakatoka. Akalifunga. Akalifungua tena, yakatoka tena. Akanyamaza.

Nataka muelewe kwamba kile kimya cha Zena, hata baada ya yote yaliyofuata, bado nakikumbuka kwa utamu wake. Wifi yangu Zena, mbele ya bomba la Mombasa, hana neno.

"Basi, wifi," akasema hatimaye, "kwa kuwa bafu lipo, acha nioge. Moshi wa treni umeniingia mpaka kichwani."

Akavua buibui, akafungua nywele. Zikashuka, zikapita mabega, zikapita mgongo, hazisimami. Nilipoziona nikamkumbuka Fundi Kasimu na moyo ukanishuka nazo.

Akaingia bafuni na sabuni yake ya Nairobi yenye povu la kuoshea basi. Nikasikia maji yakianguka, nikasikia akiimba. Kisha akaacha kuimba.

"Wifi," akaita, "maji yamekatika."

"Yatarudi sasa hivi, wifi. Maji ya huku yana nguvu sana, mara nyengine huzimwa kidogo yapumzike." (Maji kupumzika nilikutoa wapi mimi sijui. Lilitoka tu.)

"Povu limeniingia machoni."

"Yafumbe, wifi."

Nikatoka mbio hadi kwa Mama Riziki, ambaye kwa bahati alikuwa na madebe mawili ya maji ya kufulia. Nikajifunga leso kibwebwe, nikapanda ngazi ya uani, Mama Riziki akanipandishia debe la kwanza, nami nikajipenyeza kwenye ule mwanya mpaka kiunoni, nikaanza kulimimina kwenye pipa.

Sasa yaliyokuwa yakitendeka chini wakati huo mimi sikuyajua, nilikuja kuhadithiwa baadaye, lakini niwape kwa mpango wake. Siku hiyo hiyo walikuwa wamekuja Changamwe wageni kutoka Nairobi, watu watatu wa mambo ya nyumba, kuzitazama nyumba zetu walinganishe na zao. Aliyekuwa akiwatembeza ni Bwana Mselem, karani mkubwa wa ofisi ya nyumba, mtu wa Kisauni, mstaarabu, na tai yake na kofia yake ya kiua iliyodariziwa. Maskini Bwana Mselem asubuhi nzima alikuwa ameteseka, kwa sababu mkubwa wa wale wageni, bwana mmoja mrefu mwenye daftari, kila akioneshwa kitu alisema kwa adabu, "Kwetu hilo tumekwisha kulifanya," halafu anaandika. Walipofika mtaani kwetu, wanawake wakamkimbilia Bwana Mselem kumshukuru: maji yametoka kwa Mwanamisi, ofisi imefanya kazi, Mwenyezi Mungu awalipe. Bwana Mselem hakuwa na habari ya maji yoyote. Lakini aliona ndoo zimejaa, akadhani wale wa mtaro hatimaye wameunga bomba bila kumwambia, na mbele ya mtu wa daftari mtu haulizi maswali mengi. Akaja moja kwa moja na wageni wake na nusu ya mtaa nyuma yao.

Akapiga hodi. Zena kutoka bafuni, akiwa amefumba macho, akajibu, "Karibuni, mwenyewe yuko nyuma." Wakaingia mpaka jikoni.

"Mabwana," Bwana Mselem akasema, akashika bomba, "tangu asubuhi mwatuambia Nairobi imetangulia, Nairobi imetangulia. Haya, tazameni."

Akalifungua, na kwa kuwa mimi juu ndiyo kwanza nimemimina debe langu, maji yakatoka mazuri kabisa. Watu wakapiga makofi. Yule bwana mrefu akatia kidole, akaonja, akakinga kikombe, akatoa saa ili apime bomba linajaza kikombe kwa muda gani, na kikombe kilipojaa hakulifunga, akaliacha litoke huku anaandika.

Bafuni Zena akaita, "Wifi, yamekuja kidogo yamekatika tena."

Mimi nimo darini, nasikia maji yakimwagika jikoni, nikajua ni yule jirani na ndoo yake amerudi. Mama Riziki alikuwa amewaona wageni kupitia dirisha la uani na akanivuta mguu mara mbili kunionya, lakini mimi nilidhani ananihimiza. Na uvumilivu wangu nao ulikuwa umefika mwisho. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa ile sauti ambayo kwetu Likoni twafukuzia ng'ombe mashambani:

"Wewe uliye jikoni, funga hilo bomba. Maji hayo nimeyabeba kwa kichwa changu tangu jana, ni ya wifi yangu kukogea, si ya mtaa."

Bomba likafungwa. Halafu sauti ya kiume, ya taratibu, kumbe ni ya Bwana Mselem, ikauliza, "Ni nani huyo?"

Nikaitika, "Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanamisi. Mwenye nyumba."

"Uko wapi, Bi Mwanamisi?"

Ningenyamaza hapo labda wangedhani ni shetani wa nyumba mpya, wakaondoka. Lakini mamangu amenilea kwamba mtu mzima akikuuliza umjibu.

"Niko juu."

"Juu wapi?"

"Ndani ya paa. Kando ya pipa."

Nikataka kurudi nyuma nishuke. Boriti ilikuwa imelowa, mkono ukateleza, na nikaegemea mahali pale pale nilipoambiwa nisiegemee. Biskuti ikavunjika. Mkono wangu wa kulia ukapita darini mpaka kwapani, na lile debe la pili, ambalo Mama Riziki alikuwa amekwisha kunipandishia nikalisimamisha hapo kando likiwa limejaa, likaegemea kama mwenye lake, likapinduka, maji yote yakashukia kwenye lile tundu.

Nikawa hivi: mkono mmoja nimeng'ang'ania boriti, wa pili unaning'inia jikoni na bangili zake, na miguu iko nje juu ya ngazi. Walio jikoni wakaona mkono, walio uani wakaona miguu, na mimi mwenyewe niko gizani katikati, nikisubiri nife. Sikufa. Nikasikia matone yakidondoka, tu, tu, tu, kisha yule bwana mrefu akazungumza, na najua alikuwa amelowa kwa sababu sauti yake ilikuwa na maji ndani yake.

"Bwana Mselem," akasema, "sisi Nairobi maji yetu hutoka ukutani. Ninyi yenu yatoka darini. Hapa kwa kweli mmetushinda."

Wageni wakacheka, na mtaa ukacheka, na Mama Riziki, aliyekuwa ameshika ngazi, akacheka hata ngazi ikatikisika nami juu yake. Bwana Mselem peke yake hakucheka. Nilimsikia akisema polepole, "Lahaula."

Hapo ndipo mlango wa bafu ulipofunguka. Zena akatoka amejifunga leso mbili, povu kichwani limesimama kama kilemba, jicho moja limefumba na jicho moja jekundu. Nikajua sasa nimekwisha, sasa atawaambia yeye ni mtu wa Nairobi na aliyajua yote haya tangu zamani. Akamgeukia yule bwana mrefu.

"Bwana, wewe wacheka nini?" akamwuliza. "Huyu mwanamke amebeba maji kwa kichwa ili mgeni wake aoge. Wewe ukinijia mimi kwangu Nairobi utanibebea debe? Tena huo mtaro uko hapo nje, mmeuruka mkija, hakuna aliyeucheka. Haya, tokeni mnipishe, na mmoja wenu amshike huyo mkono asije akaanguka."

Yule bwana, namsifu, aliomba radhi, akaweka daftari chini, akapanda juu ya kiti na kunishika mkono kutoka chini, na ndivyo tulivyojuana, yeye na mkono wangu, kwa sababu sura yangu alikuwa hajaiona. Akaukuta umeganda. Akausalimu. "Shikamoo, mama," akasema, na mimi kutoka juu, ningefanyaje, nikaitika marahaba.

Fundi Kasimu akaitwa, akaja na msumeno wake mdogo na bila haraka yoyote, akatazama mkono, akatazama dari, akasema, "Nilikuuliza umesikia au umesema umesikia," kisha akakata ubao mpaka nikatoka. Niliposhuka ngazi uani, vumbi la dari na maji vimenifanya kama mtu aliyepakwa lipu, nikamkuta Bakari amerudi kutoka kazini, amesimama katikati ya umati na samaki wake mkononi. Akanitazama. Akamtazama dadake na povu lake. Akasema, "Nendeni mkaoge," kana kwamba si hilo hasa lililotufikisha pale.

Tulioga kwa Mama Riziki, kwa ndoo, sote wawili. Tukala wali na yule samaki. Kisha Zena akaniuliza kwa nini nilimdanganya, na mimi, kwa kuwa sikuwa na heshima iliyobaki ya kuilinda, nikasema kweli: habari ya mamangu, habari ya ile barua ya kazi, na hofu yangu kwamba Bakari akiona tu Nairobi kuna nini na sisi hatuna nini, atahama. Nikalia kidogo. Bakari aliyekuwa akichokoa meno akaacha.

"Ile kazi nilikwisha kuikataa," akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Lini?" Zena akauliza.

"Siku ile ile barua ilipofika. Nilimwandikia bwana wa karakana. Baridi ya Nairobi siiwezi."

"Na mimi hukuniambia?" nikamwuliza.

"Hukuniuliza."

"Ukaona pipa linapandishwa ndani ya paa usiulize?"

"Niliuliza. Ukasema la akiba."

Zena alianza kucheka yeye, akacheka mpaka akalala chini kwenye mkeka, na mimi nikamfuata, na Bakari akatutazama kama watu waliorukwa na akili, akaendelea na meno yake.

Wifi alikaa kwetu siku nane. Kila asubuhi tulikwenda pamoja na madebe yetu kwenye bomba la mtaa kule chini, na baada ya siku mbili alikuwa anajua habari za kila nyumba kuliko mimi, nani anaposwa, nani amegombana na mkwewe, na kina mama wakawa wanamwekea nafasi kwenye foleni. Siku ya mwisho, tukipanda na maji vichwani, aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema kule kwake bomba li jikoni, ni kweli, hakutia chumvi, lakini tangu wahamie nyumba ile mpya hajui jina la jirani wa kulia wala wa kushoto, na kuna siku hamwambii mtu neno hadi mumewe arudi.

Mtaro ulifukiwa baada ya majuma mawili na maji yakaja kweli, nyumba zote siku moja. Ilikuwa ni aibu ya Bwana Mselem au ni zamu yetu ilifika tu, siwezi kujua. Tulipoonana aliniinamia kwa heshima sana akatazama juu kidogo, kama anayehakikisha. Kwa muda mrefu watoto wa Changamwe waliniita Mama Darini, nami nikiitwa nilikuwa naitika, ningefanya nini.

Lakini niliapa siku ile, na kiapo changu sijakivunja. Sitasifu tena kitu ambacho bado hakijafika, kiwe cha nyumba yangu, kiwe cha mji wangu, na mgeni akija kwangu, kabla hajakaa, namtembeza nimwoneshe kwanza kilichoharibika. Wapo wanaoona ni ukosefu wa adabu. Wifi Zena alikuja tena mwaka wa uhuru wenyewe, mji umepambwa, bendera kila mahali, na mimi nilimpokea mlangoni nikamwambia hata kabla ya shikamoo kwamba taa ya chumba cha pili haiwaki na choo chahitaji kupigwa teke. Akatua sanduku, akavua viatu.

"Haya," akasema, "sasa nimefika nyumbani."